Nafasi ya Mwisho Ubaoni

Jumapili, 17 Novemba

Mwaliko umefika kwenye simu, kundi la wahitimu wa Chuo cha Muziki cha Kibokoni. Mkutano wa mwaka, Jumamosi hii, saa kumi alasiri. Mgeni wa kuzungumza: Karisa Kazungu. Nimesoma mara tatu. Nimevua miwani, nimeifuta kwa shati, nimesoma tena. Bado ni Karisa.

Karisa! Tulikuwa darasa moja. Alikaa nyuma yangu, na kila nilipotia upinde kwenye fidla nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Siku hizi anazunguka mahotelini akikaza nyuzi za piano. Kazi ya kutia kichwa ndani ya sanduku. Huyu ndiye wa kutuhutubia?

Ningevumilia, lakini kuna ule ubao. Uko ukutani pale chuoni, wa mti wa mvule, na kila mgeni aliyewahi kuzungumza jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Nafasi ishirini. Majina kumi na tisa. Na kamati imekwisha sema kwamba ubao ukijaa hakuna ubao mwingine, ukuta wenyewe umechoka. Hata Crispus yumo! Crispus, aliyesoma miaka mitatu akatoka anajua kutikisa cherewa tu, kile kifuu chenye kokoto ndani! Mimi nimehudhuria mikutano ishirini na minane bila kukosa hata mmoja, na mahali pekee jina langu lilipoandikwa ni kwenye daftari la viti.

Zarina, mke wangu, ameniuliza mbona sili. Nimemwambia sina njaa. Amekula sambusa zangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimefunga duka mapema (vifungo, zipu na vitasa, Bondeni, aliloniachia marehemu baba) nikaenda kumwona Everlyne, katibu wa kamati. Mwanamke wa mafaili. Anapenda kalamu kuliko watu. Nikamwambia, kwa upole mkubwa, kwamba namwonea huruma Karisa. Kazi nyingi. Njia ndefu kutoka Diani. Foleni ya feri. Si afadhali tumpumzishe? Akasema Karisa amekubali kwa furaha, na hata nauli hakutaka. Ujanja huo! Mtu asiyetaka nauli ana lake jambo.

Nikasema hotuba si lazima itoke ng'ambo ya maji. Wako wahitimu hapa hapa kisiwani, wenye mengi kifuani. Nikakohoa. Everlyne akanitazama, akachukua kalamu, akaandika. Nikanyoosha shingo. Kusoma maandishi yaliyopinduka ni ustadi wangu, nimejifunza dukani kwa kuchungulia madaftari ya wauzaji wa jumla. Alikuwa ameandika: Kaizar, viti hamsini.

Zarina anasema ni heshima, viti navipanga vizuri.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepata! Nimepata asubuhi nikichana ndevu. Naandika kwa urefu ili wajukuu wangu waje waelewe babu yao alikuwa na akili ya namna gani.

Chuo kina ganuni moja kongwe, nyuzi sabini na nane, ile ala ya kulaza mapajani. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Mwanzilishi wa chuo, Mungu amrehemu, alichoshwa na wageni wanaosifu muziki na masikio hawana. Akaweka dasturi. Siku ya mkutano hulegezwa nyuzi tatu, na mgeni huzikaza mbele ya watu mpaka zitoe sauti moja. Akiweza, hupewa maikrofoni. Asipoweza, hula biriani akaenda zake, na jina haliandikwi. Mlinzi wa dasturi hii ni Bi Mejumaa, mwalimu wetu sote, mwenye miaka themanini na miwili. Macho yake yamechoka. Masikio bado.

Sasa. Nyuzi hukazwa kwa ufunguo wake, kidude cha chuma urefu wa kidole, kiko kimoja tu, na hukaa ndani ya sanduku la ganuni. Pasipo ufunguo hakuna kukaza. Pasipo kukaza hakuna hotuba. Karisa atasimama pale mikono mitupu, watu watanong'ona, Everlyne atatafuta faili lisilokuwepo. Kisha mtu mmoja mtulivu, kofia ya zari kichwani, hotuba mfukoni, atainuka na kuokoa mkutano.

Nimeutazama mpango huu kila upande. Kasoro sioni.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepeleka viti. Hamsini, kwa mkokoteni, kupitia vichochoro ambavyo aliyevijenga hakuwa na haja ya viti. Ukumbi ni ule ule. Feni moja inazunguka, ya pili inatazama. Pazia lile lile la kijani lililokuwepo nilipokuwa na nywele.

Nimengoja mpaka mfagiaji ametoka. Nikafungua sanduku la ganuni, nikatia mkono, nikautoa ufunguo, nikautumbukiza mfuko wa ndani wa koti. Rahisi mno. Nikageuka, na Bi Mejumaa huyo mlangoni na bakora yake.

Akaniuliza natafuta nini. Nikasema nafuta vumbi. Akasema, "Miaka yote hiyo mwanangu, leo ndiyo wewe waliona vumbi?" Nikamuuliza hali ya magoti yake. Akasema magoti hayajambo, na akabaki amesimama pale pale hadi nimeondoka. Wazee wana dhana mbaya sana.

Ufunguo sitauficha nyumbani. Nyumba hii haina siri ambayo Zarina hajaikunja akaipanga kabatini. Utakaa kwenye koti, na koti litakaa mwilini.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemsomea Zarina hotuba. Kurasa kumi na nne. Inaanza na kuzaliwa kwangu. Ukurasa wa sita alikwenda kugeuza kababu na hakurudi. Nikamfuata na hotuba hadi jikoni.

Akauliza mbona nimevaa koti la sufu mbele ya jiko. Nikasema nina baridi. Akauliza kama msemaji wa mkutano si lazima akaze zile nyuzi tatu. Nikamwambia mwaka huu si mwaka wa kawaida. Akauliza mara ya mwisho nimekaza fidla yangu mwenyewe lini. Swali la chuki! Fidla yangu ilikuwa na mtu wa kuikaza. Alikuwa Karisa, kama ni lazima niandike.

Jumamosi, 23 Novemba

Andika polepole, Kaizar.

Saa kumi watu wamejaa. Crispus amekuja na shati la maua na amekaa mbele, kama dasturi ya watu wasio na haya. Saa kumi na nusu, Karisa hayuko. Saa kumi na moja kasorobo Everlyne akapokea simu, akapanda jukwaani. Karisa amekwama Likoni, foleni haisogei. Anaomba radhi. Na anaomba, kwa hisani ya kamati, nafasi yake apewe ndugu yake Kaizar, maana hakuna aliyekipenda chuo hiki kwa muda mrefu kuliko yeye.

Mimi! Ukumbi mzima ukageuka. Watu wakapiga makofi, mengine ya kweli. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani, na nilimdharau Karisa kwa kuutupa ushindi ovyo namna ile. Nikapanda. Nikatoa kurasa kumi na nne. Nikatazama ubao, ile nafasi ya mwisho, nikaona jina langu lingekaa vipi.

Ndipo Bi Mejumaa akaletwa na ganuni yake. Nyuzi tatu zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Akasema, "Haya, mwanangu. Kaza." Akafungua sanduku.

Ufunguo haumo.

Kisha msako. Everlyne akaingia chini ya meza na sketi yake ya kazi. Crispus akainua zulia. Na mimi nimesimama katikati na ufunguo umelala kifuani pangu, mzito kama jiwe la mizani. Nikiutoa, mimi ni mwizi. Nisipoutoa, hakuna hotuba, na ubao naupoteza. Nilitega mtego wa Karisa nikaunasa mguu wangu, na Karisa mwenyewe yuko foleni anakula korosho!

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikainama pamoja na wengine, nikajifanya natazama chini ya kiti cha kwanza, nikaingiza vidole kotini, nikauachia. Kling! Sakafu ile ni ya saruji. Nikapaza sauti, huu hapa, ulikuwa chini ya kiti! Makofi. Jasho.

Bi Mejumaa hakupiga makofi. Aliinua kidole. Akasema kitu kilichokuwa chini hakilii. Kilicholia kimeanguka. Na hiki, akasema, hakikuanguka kutoka kitini, kimeanguka kutoka urefu wa kifua cha mtu aliyeinama. Miaka hamsini anafundisha masikio, asijue sauti ya chuma chake mwenyewe?

Mtu akacheka nyuma. Nadhani ni Crispus. Nimeandika ni Crispus.

Ningeshuka. Mtu mwenye akili angeshuka. Lakini Bi Mejumaa akasema ufunguo umepatikana, basi nikaze, dasturi ni dasturi. Nikaona mlango bado uko wazi. Nikakaa, nikatia ufunguo kwenye kigingi, nikazungusha. Uzi wa kwanza ukapanda. Wa pili nao ukapanda, lakini mahali pengine. Nikaurudisha wa kwanza. Ukanipita ukaenda chini. Wa tatu nikauzungusha kwa hasira, ukalia, ukalia zaidi, ukalia kama paka, kisha ukakatika na kumchapa Everlyne kwenye miwani.

Hapo hapo Karisa akaingia, shati limelowa, anatweta, amekimbia kutoka feri. Hakuuliza kitu. Akachukua ufunguo mkononi mwangu, akafunga uzi mpya, akainamisha sikio. Mara tatu, nne, basi. Sauti moja. Hata mimi niliisikia.

Alizungumza dakika tisa. Hakuwa na karatasi. Alisema alipokuja chuoni kutoka Ganze hakuwa na fidla yake, aliazimwa moja isiyo na nyuzi. Na kwamba kijana mmoja wa Bondeni, mwenye duka na roho kubwa, alimwachia nyuzi zake pale dirishani kila mwezi bila kusema neno. Akanielekeza kwa mkono. Watu wakainuka.

Sikumwachia nyuzi. Nilikuwa nazitupa. Zilikuwa mbovu, nikazitupa dirishani kwa sababu pipa lilikuwa mbali.

Niliona haya. Naliandika hilo kwa kuwa daftari ni langu. Niliona haya ya kweli, nikataka kuinuka nimwambie. Kisha wakaleta biriani.

Jumapili, 24 Novemba

Zarina amepata habari yote kabla sijavua viatu. Hakunigombeza. Amecheka tangu jana, anapumzika, anaendelea. Anasema nimwombe radhi Karisa. Nimemwambia Karisa ndiye wa kuniomba radhi, kwa kunisifu bila kufanya uchunguzi.

Jioni nimekwenda kumwona Kingi, mwandishi wa mabango, aliyepewa kazi ya ubao. Amekwisha andika Karisa Kazungu, nafasi ya ishirini, dhahabu mbichi bado inang'aa. Nikamwonyesha kwamba baada ya jina pamebaki sehemu ya kutosha. Herufi ndogo tu: na Kaizar. Akakataa. Sanaa ina mipaka yake, eti! Mtu anayeandika Hapa Si Choo kwenye kuta za watu!

Lakini nilipokuwa naondoka akaniambia nisihuzunike. Bi Mejumaa amempa kazi nyingine ya pale ukumbini, kwa rangi ile ile ya dhahabu, na jina langu limo. Itakuwa tayari Jumatano.

Jina langu! Nimerudi kwa kupitia ufukoni Mama Ngina ili nile mihogo na kufurahi mbele ya watu. Kikongwe ana roho nzuri. Nilijua.

Jumatano, 27 Novemba

Nimekwenda. Nimevaa kofia ya zari.

Si ubao. Ni kifuniko cha sanduku la ganuni. Kingi ameandika kwa herufi kubwa, za dhahabu, zimetiwa kivuli chekundu: UFUNGUO UKO NYUMBANI KWA BI MEJUMAA. KAIZAR ASIPEWE.

Nilikisoma mara tatu. Kisha nikatoa utepe wa kupimia niliokuja nao kutoka dukani. Herufi za Karisa kule ubaoni, inchi moja. Herufi zangu, inchi mbili na robo! Tena ubao uko nyuma, pazia la kijani linauziba nusu upepo ukivuma. Sanduku hukaa mbele, jukwaani, kila mwaka. Kila mgeni atakayekuja kuzungumza, awe nani, itabidi asome jina langu kwanza kabla hajafungua kinywa. Crispus ana hilo? Karisa ana hilo?

Nimepiga picha, nikakata maneno yote nikabakiza jina tu, nikaituma kwenye kundi. Everlyne amejibu kwa kutuma picha nzima.

Wivu.

Niliporudi nimepitia kwa Bi Mejumaa kumshukuru. Alikuwa amelala. Mlango wake una kitasa cha kawaida tu, kile kile tunachouza na funguo zake dukani kwangu pale Bondeni, rafu ya pili.