Vumbi la Dhahabu la Bwana Karanta

Jumatatu, 13 Machi

Wamefika! Wataalamu kumi na sita wa picha za setilaiti, kutoka nchi kumi na sita, wote ukumbini kwetu hapa Niamey, wote wakilalamikia joto. Mimi, Hamidou Karanta, mtazama mawingu kwa miaka ishirini na miwili, nimewapokea kwa suti na tabasamu. Moyoni nina njama.

Njama ni hii. Vumbi la jangwani kwenye picha zetu huonyeshwa kwa pinki. Dunia nzima, pinki! Walikubaliana zamani bila kuniuliza. Vumbi lililomziba mama yangu macho kule Filingué halikuwa la pinki. Lilikuwa dhahabu. Basi nimebuni rangi yangu, dhahabu iliyoiva, na nataka ipitishwe wiki hii kwa jina la Rangi ya Karanta. Desemba nastaafu. Nimetoa tahadhari za vumbi zaidi ya elfu tatu, na hakuna hata moja yenye jina langu. Inaniuma. Nasema kweli, inaniuma.

Mchana niliegemea dirisha nikawaza ile setilaiti, imetulia juu huko kilomita elfu thelathini na sita, haipepesi jicho. Inaniona? Nikaipungia mkono. Mjapani Okabe akapita, naye akaipungia, wala hakuuliza. Mtu mwema.

Jumanne, 14 Machi

Nimekamatwa! Bi Coumba Sarr, mwenyekiti wetu, Msenegali mwenye macho makali, ameiona rangi yangu kwenye rasimu ya mwongozo wa rangi tunaoupitisha wiki hii. Nilikuwa nimeificha katika ibara ya arobaini na moja, nyuma ya orodha ya anwani. Akaniuliza mbele ya watu, eti kaka Hamidou, hii dhahabu imeingia yenyewe au imesukumwa? Kicheko. Nikasema huenda ni kompyuta. Kicheko zaidi.

Lakini hakuifuta. Aliongeza tu kwamba ni rangi ya hiari, na isitumike kutoa tahadhari. Sawa! Leo hiari, kesho lazima.

Kinachobaki sasa ni kimya. Sisi hatupigi kura. Rasimu hutumwa kwa wote kwa barua pepe na muda huwekwa. Mtu asipoandika neno hadi muda uishe, imepita. Akiandika mmoja tu, hata kuomba badiliko dogo, kimya kimevunjika na ibara inangoja mkutano wa mwakani. Mwakani nitakuwa nyumbani nafuga kuku. Muda wetu ni kesho, saa tisa alasiri, saa ya dunia, ndiyo tunayoitumia sote kazini. Kwa saa za Niamey itakuwa saa kumi.

Mpango: kesho nawapeleka wote Boubon, soko la vyungu, kisha kisiwani kwa mtumbwi. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Watanunua vyungu, hawataandika barua. Werevu huu unanitisha hata mimi!

Jumatano, 15 Machi

Asubuhi niliitazama picha ya leo kwa Rangi ya Karanta. Uzuri ulioje! Jangwa lote dhahabu tupu, Agadez hadi Bilma, hakuna hata doa. Nilikaa mbele yake nusu saa, chai ikapoa. Nikatangaza siku shwari.

Dereva wetu Ghoumour ni Mtuareg, mtani wangu, kwa hiyo heshima hakuna. Aliwaambia wageni kwamba mimi ni mtumwa wake aliyetoroka, na leo sokoni ataniuza kwa chungu kimoja, tena chenye ufa. Nikamwambia babu yake aliuza ngamia akabaki na kamba. Okabe aliandika yote daftarini.

Boubon. Vyungu vimepangwa mchangani, wanawake wanavigonga kwa vidole wakisikiliza mlio. Bi Coumba alinunua vitatu. Simu zote zimekufa, isipokuwa ya Ghoumour, ile ndogo ya tochi. Tulikuwa mguu mmoja mtumbwini ilipolia. Ni kituoni kwetu. Dada mmoja wa zamu kule Praia, Cape Verde, anaitwa Nilda, hajawahi kukanyaga Niger, ameona kwenye skrini yake ukuta wa pinki unatujia. Alimpigia Bi Coumba akamkosa, ndipo akapiga kituoni. Turudi upesi!

Ghoumour akasema mtumwa wake akishatangaza shwari, yeye hufunga kilemba mara mbili.

Ukuta ulitukuta karibu na lango la jiji. Giza saa saba mchana, magari yamewasha taa. Mtoni tungezama. Nilijua hivyo, nikaogopa. Bi Coumba akauliza mbona mimi sikuliona. Nikaeleza kwamba lilikuwa dhahabu juu ya dhahabu. Okabe akanipa maji.

Ila kioo cha gari kilionyesha wazi: vumbi lilikuwa dhahabu. Mashahidi kumi na sita!

Nyumbani nilivua saa yangu ya mkono, ambayo miaka yote huonyesha saa ya dunia, nikaenda kuoga. Mke wangu Zeinabou akauliza kama nimetoka kuchimba kaburi. Nilipotoka bafuni, saa ya ukutani jikoni ilikuwa saa tisa na dakika tano. Nikafungua barua pepe. Hakuna aliyeandika. Imepita! Nikacheza jikoni na taulo. Machozi yalinitoka. Papo hapo nikawaandikia wote: asanteni kwa kimya chenu kitukufu, na kwa kuwa muda umekwisha, naomba badiliko dogo tu, picha yangu iwekwe kando ya rangi, ile ya suti ya kijivu.

Alhamisi, 16 Machi

Saa ya jikoni ni ya Niamey. Saa ya dunia ilikuwa saa nane na dakika tano. Kimya kilibakiwa na dakika hamsini na tano, nami ndiye niliyekivunja. Miaka ishirini na miwili kazini!

Bi Coumba aliniita pembeni, penye birika la chai. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema walijua kila kitu tangu Jumatatu. Walikubaliana wote kumi na sita kunyamaza, iwe zawadi yangu ya kuagwa. Hata baada ya Boubon, mle garini, waliambiana kwa macho wamwache mzee apate rangi yake. Okabe alizima simu kabisa, asije akateleza. Kaka, akaniambia, tumekunyamazia mpaka meno yanauma, wewe mwenyewe umeshindwaje?

Nilikwenda kukaa ngazini. Sikudhani watu wa nchi kumi na sita wanaweza kunipenda siku moja, tena kwa kunyamaza tu. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 17 Machi

Wameondoka. Kabla ya kupanda gari, Bi Coumba ametumia mamlaka yake ya uenyekiti: ibara ya arobaini na moja inarudishwa kwa wote, mara moja, ya mwisho. Kimya kipya ni hadi Jumatatu, saa sita mchana, saa ya dunia. Aliniandikia muda huo kiganjani kwa kalamu. Akaniamuru niende nikalale, nisiguse kitu. Ghoumour alijitolea kunifunga kamba, bure, kwa ajili ya utani wetu.

Jumapili, 19 Machi

Zeinabou ameirudisha saa ya jikoni nyuma kwa saa moja, na sasa anapika chakula cha mchana kwa saa ya dunia. Mimi nimelala mkekani uani. Anga safi. Nawaza dhahabu yangu ikitiririka kwenye skrini za Praia, Dakar na Tokyo, na chini yake, kwa herufi ndogo, Karanta. Mama angefurahi. Angeuliza ni nani huyo wa Tokyo, ameoa?

Hofu ni moja tu. Bado saa ishirini na nne. Je, mmoja wao akisahau? Wamesafiri, wamechoka, mtu anaweza kuandika hivi hivi bila kufikiri. Safari hii sibahatishi. Nimewatumia barua wote kumi na sita, kwa upole, kuwakumbusha kwamba mtu asiandike neno lolote. Nimeambatanisha na ile picha ya suti ya kijivu.