Nilivyouandaa Ubongo Wangu

Jumatatu, 10 Machi. Kabondo.
Habari kubwa! Profesa Pétronille anatafuta msaidizi mmoja wa utafiti wa ubongo. Mada: jeni zinazofanya kazi katika sehemu za ubongo, na jinsi sehemu hizo zinavyowasiliana. Ijumaa tutaieleza mbele ya darasa. Tumebaki wawili, mimi na Florentine. Yeye anasoma mchana kutwa. Maskini! Hana mbinu.

Jumanne, 11 Machi.
Nimesoma ukurasa mmoja. Unatosha. Mawasiliano ya sehemu za ubongo hupimwa mtu akiwa amelala kimya ndani ya mashine, hafanyi lolote. Donc ubongo huungana vizuri ukipumzika! Nikajilaza. Mama akauliza kama nina malaria. Nikamwambia niko kazini. Akanipa ndoo nikachote maji. Sayansi ina maadui.

Alhamisi, 13 Machi.
Siku ya tatu ya kujilaza. Florentine alipita na baiskeli, makaratasi yamefungwa nyuma. Akanishauri nisome angalau vipimo vilifanywaje. Wivu huo!

Ijumaa, 14 Machi.
Balaa. Nilianza vizuri: sehemu mbili ambazo jeni zake zinafanya kazi kwa kufanana, mara nyingi shughuli zake hupanda na kushuka pamoja, hata zikiwa mbali. Profesa akaitikia kwa kichwa. Nikanogewa. Nikasema jeni na mawasiliano vilipimwa kwa watu wale wale, siku moja. Florentine akanyoosha mkono.

“Bonheur, jeni walizipima ku ubongo ya watu wenye walikufa. Alors, hao walipumzika namna gani mu mashine?”

Nikajibu: kwa amani.

Darasa zima liliangua kicheko. Profesa alifuta machozi. Kisha akaeleza: marehemu wachache walitoa ubongo wao, mashine iliwapima watu wengine, walio hai. Na vitu kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Nafasi akapewa Florentine. Nilirudi kwa miguu, machozi yakinilengalenga.

Jumatatu, 17 Machi.
Profesa ameniita! Amesema ule mwanzo niliueleza hadi mlinzi wa mlangoni akaelewa. Nikisoma mwezi mmoja na Florentine, atanijaribu tena, kwani kikundi chake cha utafiti kinahitaji mtu wa kueleza. Na aliyeniombea ni Florentine mwenyewe! Nimemshukuru sana.

Bon, mpango uko tayari. Nimechunguza: babu yake na babu yangu wote walitoka Ubundu. Jeni zetu lazima zinafanana, na ubongo wetu utapanda pamoja. Donc yeye atasoma, mimi nitakaa karibu.