Mwongoza Wageni Aondolewe Chini ya Dirisha Langu

Toruń, Mtaa wa Wafinyanzi

Ndugu Mkurugenzi wa Waongoza Wageni,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi, kwa kuwa ningependa uisome bila kuinuka.

Mimi ni Kunegunda Wądołowska, mjane, mwalimu mstaafu wa historia, ghorofa ya kwanza, dirisha lenye mto wa bluu. Kila asubuhi huweka mto wangu kwenye ukingo wa dirisha, nikaegemeza viwiko na kuutazama mtaa, kama alivyofanya mama yangu na kama wafanyavyo watu wote wenye heshima zao na madirisha yao. Simchungulii mtu. Nikiona jambo, ni kwa sababu limepita.

Lalamiko langu linamhusu kijana Ksawery Pruszyk, ambaye matembezi yake mnayatangaza kuwa ya kuchekesha. Naomba apigwe marufuku kupita mtaani kwetu. Nimefundisha ukweli wa mji huu maisha yangu yote, na sikubali kumalizia uzee wangu nikiwa sehemu ya uongo. Sababu zangu ni hizi:

1. Mnara. Wewe na mimi tunajua kwamba mnara wetu umeinama kwa sababu ardhi iliyo chini yake ni laini. Ksawery husimama chini ya dirisha langu na kutangaza: "Jamani, mnara uliinama ili usikie vizuri umbea wa mtaa huu. Na chanzo cha habari, mheshimiwa sana, ndiye yule pale juu. Mpungieni mkono!" Nao hupunga. Wengine huvua kofia. Kwa malezi niliyopewa siwezi kukataa salamu, kwa hiyo nami hupunga, jambo linaloonekana kama kuthibitisha.

2. Masahihisho. Nilipaza sauti kutoka dirishani: "Wewe kijana, acha kuwadanganya watu! Ni udongo! Udongo na mchanga!" Akawageukia wageni na kusema, "Si niliwaambia? Chanzo cha habari hakijakauka!" Walinipigia makofi. Tangu siku hiyo hungoja nimkosoe, na nikinyamaza hukohoa. Siku moja niliuma meno nisiseme neno. Basi akawaambia kwamba wale watawa wenye panga, waliotawala mji huu zamani, waliijenga ngome yetu kwa mikate ya tangawizi, ile inayoupa mji wetu sifa, na kwamba imebaki magofu kwa sababu watoto waliila. Ndugu Mkurugenzi, ningenyamaza vipi? "Wananchi ndio walioibomoa, wewe! Wananchi!" Makofi tena.

3. Siku ya jina langu. Siku ya jina, yaani siku ambayo kalenda imempa mtakatifu ambaye mtu ameitwa kwa jina lake, haina mwaliko; anayekumbuka huja, na anayekuja hulishwa. Ksawery, ambaye kalenda anayo kama sisi sote, aliwaambia wageni wake: "Leo ni siku ya Kunegunda. Kwa desturi yetu mlango uko wazi. Twendeni!" Walipanda ngazi wote. Lazima nitende haki: walileta maua, tena ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, maana inayogawanyika ni ya mazishini, kwa hiyo yuko mtu aliyewafunza. Lakini viatu kwangu huvuliwa mlangoni, na ndara za wageni ziliisha, na waliokosa walisimama ngazini na soksi zao, wakiimba kwa lugha mbalimbali kwamba niishi miaka mia. Bibi mmoja wa Norway alizunguka sebuleni katika ndara za marehemu mume wangu, akazisifu. Keki ya jibini niliyomwokea dada yangu Hortensja ilikwisha kabla hajafika. Alipofika, alisimama mlangoni akaniita kwa jina la utotoni: "Kunia, umefungua hoteli hukuniambia?" Mpaka sasa hajanipigia simu.

4. Bwana Walenty, jirani wa ng'ambo, ambaye hajawahi kujali kinachotokea nje ya runinga yake. Amenunua mto. Wa mahameli. Jumanne alitoa kichwa na kutangaza kwamba ngome yetu ilibomolewa na Waswidi. "Waswidi babu yako!" nilimjibu, nami situmii maneno hayo. Wageni waligawanyika, wengine wakimshangilia yeye. Hali ikiachwa hivi, kufikia vuli kila dirisha litakuwa na mto, na kila mto utakuwa na mtu asiye na elimu.

Kwa hiyo narudia ombi langu: matembezi haya yapelekwe mtaa mwingine, na yeyote atakayezungumza na wageni, awe barabarani au dirishani, kwanza afanye mtihani wa historia. Niko tayari kuutunga na kuusahihisha. Kama sheria haina kifungu hicho, kiandikwe.

Msalimie mkeo, na katibu wako aliyenipokea kwa adabu kwenye simu, na waongoza wageni wako wote. Ksawery naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako katika ukweli,
Kunegunda Wądołowska

N.B. Kabla sijaipeleka barua hii posta, Ksawery alikuja na kundi lake, skafu shingoni, sauti imemkauka kabisa. Alinyoosha kidole kwenye koo lake, kisha kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na watu wote walikuwa wananitazama. Nilivaa koti nikashuka. Nilianza na udongo, kwa ukamilifu. Mtoto mmoja alilia. Bwana mmoja alianza kusoma kibao cha daktari wa meno. Hapo nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba mto Wisła zamani ulipita katikati ya mtaa huu, ila mama yangu aliuamuru uhame kwa sababu ulikuwa unachafua ngazi. Walicheka hadi yule bwana akaketi chini kwenye maji. Mama yangu hakuhamisha mto wowote.

Naomba koo la Ksawery litibiwe bila haraka. Vijana wa siku hizi hupona kabla ya wakati. Kesho ni zamu ya kundi la walimu wa historia kutoka Gdańsk, na katika simulizi yangu baba yangu bado hajaujenga ukuta wa mji.