Malalamiko ya Kibarua wa Zege Kuhusu Kadi Bora Kuliko Zote

Kambi ya vibarua, tarehe 9 mwezi wa pili.
Mwaka wa sita tangu nitoke nyumbani kwangu.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Kompyuta na Gemu.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu usiyemjua lakini ambaye maisha yake unayaendesha wewe. Mimi ni kibarua wa zege, niliishia darasa la saba, na kompyuta sina. Kompyuta iko nyumbani kwa binti yangu, ambaye hucheza gemu za magari na husoma kila unachoandika kuhusu kadi za picha, yaani kile kipande cha ndani kinachofanya gari likimbie kwenye kioo bila kukwama. Kazi yangu mimi ni kukinunua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka juzi ulishindanisha kadi mbili za bei ya juu, ukaandika kwamba moja ni mfalme asiye na mpinzani. Mimi nilikuwa nimeshafunga begi nirudi nyumbani. Binti akanisomea makala yako kwenye simu, halafu akasema kwa upole, "Baba, miaka yote hii umengoja. Ngoja kidogo tu." Nikafungua begi, nikasaini mkataba mwingine. Kabla sijaumaliza, mfalme wako akapinduliwa, na aliyetangaza mapinduzi ni wewe mwenyewe. Hata mfalme mbovu hukaa kitini muda mrefu kuliko huyo wako.

2. Uliandika kwamba kadi ya kwanza inaizidi ya pili kwa picha chache kila sekunde, na kwamba mchezaji makini ataihisi tofauti hiyo. Nimeihisi. Nimeihisi kiunoni, nikipandisha ndoo za zege ghorofani. Nashukuru kujua kwamba mimi ni mchezaji makini.

3. Hukutaja urefu wa huyo mfalme wako. Kadi ilipofika haikuingia kwenye kasha la kompyuta, binti akanipigia analia. Nikawauliza wenzangu wa chumbani, wote wajenzi, na ushauri wa mjenzi ni mmoja: mlango ukiwa mdogo, bomoa ukuta. Shemeji yangu, ambaye ni mchomeleaji, akaenda pale nyumbani na mashine ya kukatia vyuma, akalikata kasha kama anayeweka dirisha. Kadi imeingia. Kipande kilichotokeza nje kinaanikiwa soksi, maana joto lake ni la uhakika. Sifa hiyo nayo hukuiandika.

4. Ikiwashwa, friji inazima. Mke wangu sasa anapika kwa kufuata ratiba ya mashindano ya magari. Juzi aliniambia, "Wewe njoo. Hiyo kadi nyingine itakuja kwa miguu yake." Huyu hasomi ukurasa wako, na pengine ndiyo sababu akili zake zimebaki salama.

Mhariri, binti yangu nilimwacha akisukuma vifuniko vya chupa sakafuni huku akinguruma kwa mdomo. Gari lile halikukwama hata siku moja.

Kwa hiyo naomba, kwenye jedwali lako, pembeni ya umeme, joto na kelele, uongeze safu ya baba: kila kadi inamweka ugenini kwa muda gani. Likikushinda hilo, acha kabisa kushindanisha kadi, uziache zizeeke kwa heshima zao kama watu. Na hilo likikushinda pia, njoo ushike koleo langu, nami nikae kwenye kiti chako. Kazi yako naiweza. Kila mwezi nitaandika kwamba zote ni nzuri, tumia uliyonayo, nenda kamwamkie baba yako.

Nisalimie wapimaji wako wote, hasa yule anayelipwa kusikiliza feni. Mkataba wangu unakwisha mwezi wa nne, na mwezi wa tano nitakuwa nyumbani, uandike usiandike.

Ni mimi, msomaji wako kwa kulazimishwa,
Kibarua wa Zege

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, fundi vigae wa chumbani kwetu amenionyesha video ya ile kadi mpya uliyoidokeza. Gari linapita kwenye mvua, na kila tone kwenye kioo limebeba taa za mtaa mzima. Sikujua kwamba mwanangu anaishi bila kitu kama hicho. Tafadhali nijibu upesi kama kweli inazishinda zile mbili, maana msimamizi anataka kujua kabla ya Ijumaa nani anaongeza mkataba. Kama ni kweli, pale juu nilipoandika mwezi wa tano, ongeza mwaka.