Nani Mnyenyekevu Kuliko Mimi?

Jumatatu, 3 Machi
Kocha katangaza: Ijumaa anachagua nahodha mpya, na anataka mtu mnyenyekevu. Macho yote kwa Radi, mshambuliaji wetu, bingwa mara tatu. Yuko wapi? Kapiga magoti, anamsaidia mama wa kufua kuokota soksi zetu zinazonuka! Humwamkia shikamoo kila asubuhi, mtu ambaye sura yake imebandikwa barabara nzima. Nilibaki mdomo wazi.

Lakini kitambaa cha unahodha nakitaka mimi. Beki wa akiba tangu nisajiliwe. Mashabiki wananiita Uchochoro, eti kila mpira hupita kwangu. Mama mkwe kauliza tena kama nacheza au natazama. Basi! Nitamshinda Radi kwa unyenyekevu. Nitamshinda vibaya.

Jumanne, 4 Machi
Shikamoo kwa kila mtu. Mlinzi, marahaba. Dereva, marahaba. Mkata nyasi, marahaba. Nikanogewa, nikampa na daktari wa timu, binti mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Akauliza kama nimemwona kazeeka. Nikarudia, mkono kifuani. Akaitikia: marahaba, mwanangu. Sasa wachezaji wote wananiita Mtoto wa Daktari. Radi peke yake hakucheka. Alisema salamu haijawahi kumpunguza mtu.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya. Nimezamisha viatu vya Radi kwenye ndoo ya mama wa kufua, chini ya jezi. Akivikosa atafoka, kocha atasikia, kwisha habari yake.

Hakufoka! Alituomba radhi kwa kutuchelewesha, akaazima viatu vya mkata nyasi, vinampwaya hivyo hivyo, akafunga mabao matatu. Mawili yalipitia kwangu. Mola wangu, mtu huyu kaumbwaje? Nilijikuta napiga makofi, na mimi ndiye niliyepigwa chenga.

Kumbe mama wa kufua aliniona nikiinamia ndoo. Kaja na viatu vinachuruzika maji, kanitaja mbele ya kocha. Radi akawahi: eti yeye ndiye aliyeniomba nimlowekee, ila kasahau. Akanishukuru. Akaniita ndugu yangu. Alijua, nilimwona machoni kwamba anajua! Machozi yalinilenga, si utani.

Ijumaa, 7 Machi
Nahodha ni Radi. Alipokea kitambaa, akasema ni cha wote, akaenda kukusanya mipira uwanjani. Sijapata kuona. Nilimsimulia mke wangu mpaka sauti ikakauka. Akasema umeona sasa, baba, unyenyekevu haujitangazi.

Kweli kabisa! Maneno hayo yameniingia. Haujitangazi, lazima utangazwe na mwingine.

Kesho asubuhi nitafua soksi za timu nzima, kwa siri, asijue mtu. Nimeshampigia mwandishi wa habari. Nimemwambia asichelewe.