Kitu Kimoja Mpaka Mwisho

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimejikaza kiume. Nimevuka barabara kutoka duka langu la taa hadi duka la dawa la Ilham, nikamwambia nataka kumposa. Nilipanga kuanza na habari za joto. Ulimi haukusubiri.

Hakucheka. Hakukasirika pia. Aliendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi, akasema mimi mtu mwema, lakini tangu afiwe na mume wake hajaniona nikimaliza jambo. Akaanza kunihesabia. Udereva niliacha kabla ya mtihani. Kifaransa niliishia kwenye salamu. Masharubu hayakufika mwezi. Ukuta wa duka nusu kijani, nusu njano. (Hilo la ukuta ni uonevu. Rangi iliisha.) Akasema nimalize kitu kimoja tu, chochote, mpaka mwisho. Hapo nimlete mama yangu tuzungumze.

Mara nani anaingia? Shukri, daktari wa meno. Kapera, ananyoa miguu, na kila siku ana sababu ya kununua pamba. Akabandika tangazo kwenye kioo: triathloni ya Aleksandria, Ijumaa. Unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, mfululizo, kando ya bahari. Akaniuliza kama nitakuja kuwapigia makofi. Nikamjibu nimeshajiandikisha.

Ilham akaacha chupa. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Sasa itabidi nijiandikishe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimejaribu bahari. Maji yakifika kifuani napoteza imani. Nimejaribu baiskeli niliyoazima kwa mpiga pasi. Ina kengele na kikapu. Kukimbia sikujaribu, nilikuwa nimechoka.

Lakini nani kasema lazima nifanye yote? Nimekaa mkahawani nikapanga. Majini: chupa tupu za maji ndani ya vazi la mpira, kwenye kitambi. Nitaelea kama boya. Baiskeli: ni mizunguko, na kila mzunguko unapita mdomoni mwa uchochoro wetu. Wa kwanza napita, watu wananiona. Kisha nachepuka, nakunywa chai kwa utulivu, natokeza kwenye wa mwisho. Mbio vivyo hivyo. Shukri ana misuli. Mimi nina kichwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwambia Mama. Kosa kubwa.

Alifukiza ubani nyumba nzima. Akakata mtu wa karatasi, akamtoboa kwa sindano huku akitaja majina ya wote wenye jicho baya, akianza na mama yake Shukri. Kisha akasema nisiwe na wasiwasi, yeye ataziba macho ya mtaa. Sikuuliza kwa njia gani.

Jioni mpiga pasi akanishika mkono kwa huzuni, akaniambia Mungu ni mkubwa. Mwoka mikate akanipa mkate bure. Kumbe Mama amepita mlango kwa mlango akisema nina ugonjwa mbaya wa figo, daktari kanikataza hata kupanda ngazi. Eti mgonjwa haonewi wivu. Nilimuuliza kama na Ilham kamwambia. Akasema yeye si mwendawazimu, yule ni mtu wa dawa, angemuumbua.

Basi, sawa. Mkate ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelala kitandani na viatu vyangu. Naandika hivyohivyo.

Kipenga kililia asubuhi. Chupa zilifanya kazi kupita kiasi. Zilinigeuza chali. Nikijilaza kifudifudi, zinanirudisha chali. Nikaogelea hivyohivyo, kichwa nyuma, natazama mawingu. Mashua ya waokoaji ilinijia mara mbili wakidhani wamepata maiti. Mara ya pili mmoja akanishika mguu. Nikamuuliza amewahi kuona wapi maiti anayetukana. Nikatoka wa mwisho. Lakini nilitoka.

Nikavua mpira na chupa zake, nikadaka baiskeli. Mzunguko wa kwanza, safi. Nikakata kona, nikaingia uchochoroni, naiona chai yangu kwa mbali. Mpiga pasi akainuka. Mwoka mikate akaacha tanuri. Kutoka roshani ya juu mwanamke akapiga yowe kwamba mwana wa Hajjati Tafida, yaani mimi, anajiua kweupe.

Wakanishusha. Wakanilaza kwenye benchi la mkahawa, miguu juu. Wakaninywesha maji ya shayiri, jagi zima, eti yanasafisha figo. Nikaapa kwamba mimi mzima wa afya. Mpiga pasi akatikisa kichwa, akasema hata marehemu shemeji yake aliapa hivyohivyo, na kesho yake wakamzika. Mtu akaulizia gari la wagonjwa. Hapo roho ikaniruka. Nikajifanya nataka kutapika, wakanipa nafasi, nikaruka juu ya baiskeli.

Mahali ambapo hawakuweza kunifikia ni barabarani tu, kwa sababu askari waliwazuia nyuma ya kamba. Nikisimama, naambulia benchi na shayiri. Nikichepuka, benchi na shayiri. Kila mzunguko walikuwa pale pale wananisubiri, na jagi lao, na sasa wamekuja na kiti. Mama yuko katikati yao, analia kuliko wote. Nilipopita akanikonyeza.

Kwa hiyo sikusimama. Nilimaliza baiskeli yote. Nikaanza kukimbia, na wao wakawa wanakimbia sambamba nami nyuma ya kamba, wananisihi niihurumie nafsi yangu. Mwoka mikate alichoka kabla yangu. Hilo nitalikumbuka mpaka naingia kaburini. Kuna wakati niliacha kuwafikiria kabisa. Nilikuwa natazama viatu vyangu, kimoja, kingine, na sikuwa na mpango wowote kichwani. Sijawahi kuwa hivyo.

Jua lilikuwa utosini nilipofika. Walikuwa wanakunja mabango. Shukri ameshaoga, ameshabadili nguo, anamenya ndizi. Na kwenye hema la huduma ya kwanza, Ilham. Alijitolea, mimi sikujua. Akatoka, akachukua medali ya mwisho sandukuni, akanivika kwa mikono yake. Ina neno moja tu: AMEMALIZA. Akalisoma kwa sauti, taratibu. Macho yake yalilengwa na machozi. Akasema Jumapili kaka yake anakuja kutoka Damanhur, nije na Mama.

Nimelia mbele za watu, na medali shingoni. Nina furaha hadi inaniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimelala nayo. Nimeamka nayo. Nimefungua duka nayo.

Shukri akapita. Yeye alikuwa wa saba. Akanipongeza kwa upole, upole ule wa kumwambia mtoto sindano haiumi. Akasema hata wa mwisho ni mshindi. Akanionyesha medali yake. Neno lilelile! Wote wamepewa neno lilelile.

Kichwa kikaanza kufanya kazi. Kaka yake Ilham, Bwana Wagdi, ni mfanyabiashara wa pamba. Nitaingiaje sebuleni mbele ya mtu kama huyo na medali inayosema nimemaliza? Hata chakula kinamalizwa. Nimekwenda kwa fundi wa nakshi kule Mansheya. Amelipiga tupa lile neno mpaka likafutika, juu yake akachora NAFASI YA TATU. Ya kwanza niliona ni tamaa. Mimi mtu wa kiasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Bwana Wagdi ni mtu wa maana. Alinikaribisha kwenye kochi kubwa. Akaitazama medali shingoni mwangu, akaniomba nimsimulie. Nikamsimulia. Mawimbi yalikuwa marefu kama nyumba. Wa pili alinishinda kwa pua tu. Akauliza wa nne alikuwa nani. Nikasema Daktari Shukri, maskini, alijitahidi. Bwana Wagdi akapiga paja lake kwa furaha. Mama akanifinya, nadhani kwa ajili ya jicho.

Ilham alikuwa mlangoni, na sinia ya glasi za sharubati nyekundu, ile ya kheri. Sikujua kasimama pale tangu lini. Akaweka sinia chini. Akaniomba medali. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba pale palipopigwa tupa, mara mbili. Akaniuliza kwa sauti ndogo lile neno liko wapi. Nikamkonyeza, nikamnong'oneza kwamba fundi yule hodari, hata alama haionekani.

 Akaniwekea medali kiganjani, akanikunja vidole juu yake, kimoja kimoja. Akachukua sinia, akarudi jikoni na glasi zote zimejaa. Alipotoka alileta kahawa. Bila sukari, ile ya msibani. Bwana Wagdi akatazama kikombe, akamtazama dada yake, akaacha kuniuliza maswali. Tukanywa. Tukaaga.

Njiani Mama alitangulia mbele. Nyumbani akaenda moja kwa moja kulala. Ubani hakuuwasha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikupata usingizi. Nimeligeuzageuza jambo zima mpaka alfajiri, na kosa nimelipata.

Nafasi ya tatu! Nani anamwoza dada yake kwa mtu wa tatu? Bwana Wagdi amezoea watu wakubwa. Alishuka moyo, Ilham akauona uso wa kaka yake, akaona aibu. Ni wazi kabisa. Kiasi changu ndicho kilichoniponza.

Nimerudi kwa fundi. Anasema medali imebaki nyembamba, akiipiga tupa tena inaweza kutoboka. Nimemwambia apige, aandike NAFASI YA KWANZA, kesho naipeleka kwa Ilham. Wakati anaifunga kwenye jiliwa, chuma chake cha kubania, ameniuliza mwanzoni kabisa paliandikwa nini. Nimemwambia neno la kawaida tu, walipewa wote.