Mtambo wa Kupunguza Moshi

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Ndugu Flavian, ofisa uchukuzi wa mkoa, ametangaza leo saa nne asubuhi kwamba serikali itatoa ruzuku kwa gari moja la Sumbawanga litakalofungwa mtambo wa kupunguza moshi. Alisoma kutoka kwenye karatasi, juu ya ngazi za ofisi, bila kuinua macho. Sababu ni mbili. Petroli haipatikani. Na zahanati iliyo jirani na stendi imelalamika kwamba mgonjwa wa kifua anaingia na kikohozi kimoja na kutoka na viwili.

Ruzuku yenyewe: gharama zote za mtambo, matairi sita mapya, kibali cha njia ya Kirando mwaka mzima. Fomu mwisho Ijumaa. Ukaguzi Jumanne tarehe 15, saa tatu asubuhi, uwanja wa mpira.

Matairi sita! Lori langu Tawakali lina sita, mawili yameshonwa kwa waya.

Nilikimbilia dukani kwa dada Kulsumu. Lori ni letu wawili, marehemu baba alituachia hivyo, na dada ndiye anayeshika kadi. Alinisikiliza huku akipima chumvi. Akasema lori halijatembea tangu Juni, kuku wanataga chini yake, na kijiji cha ujamaa cha kina Gaudensi kinataka kulinunua. Ameahidi kuwajibu tarehe 15. Nikipata ruzuku, lori linabaki. Nikikosa, linakwenda kijijini. Hakupandisha sauti. Dada akiwa hatanii hapandishi sauti.

Jumanne, 8 Septemba

Gaudensi ndiye tatizo. Fundi wa kijiji, alisomea ufundi misheni, anatembea na spana mfukoni hata Jumapili kanisani. Tangu mwezi wa nne ameligeuza lori la kijiji litumie gesi ya mkaa. Nyuma ya kabini ameweka pipa, ndani ya pipa mkaa unaungua polepole, hewa yake inapita kwenye mabomba na kuingia kwenye injini. Linanguruma kama mzee anayesafisha koo, lakini linapanda mlima.

Sina mkaa, sina pipa, sina mabomba. Nina akili. Mtambo wa kupunguza moshi ni kitu chochote kinachouzuia moshi kutoka. Nikalowesha gunia, nikalisokomeza kwenye ekzosi kwa mpini wa jembe. Nikatia tangini petroli kidogo kutoka kwenye lita tano zangu za akiba. Nikapiga hendeli.

Mara ya kwanza injini ilizima. Mara ya pili ilizima. Mara ya tatu ilishika, ikatetemeka, kukawa na mlio. Gunia liliruka hatua kumi na nne (nimezipima) na kumpata Gaudensi kifuani, aliyekuwa akipita kwa baiskeli na mzigo wa mkaa.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloudhi. Alilikunja gunia vizuri, akalileta. "Umeangusha mtambo wako, Ndugu Halfani."

Jumatano, 9 Septemba

Nimebadili mbinu. Kama siwezi kuliinua lori langu, nitaliteremsha la mwenzangu. Nilimwandikia Ndugu Flavian barua ya siri, jina: Mwananchi Mpenda Misitu. Nilieleza kwa uchungu kwamba mkaa wa Gaudensi unaimaliza milima ya Mbizi, na kwamba kupunguza moshi kwa kukata miti ni kuhamisha ugonjwa kutoka kifuani kwenda mgongoni. Sentensi nzuri. Niliisoma mara tatu.

Saa nane mchana Ndugu Flavian mwenyewe aliingia dukani na barua mkononi. Kumbe nilikuwa nimeiandika nyuma ya karatasi yenye mhuri wa duka. Alimwomba dada amshukuru mwandishi. Alisema wamekwenda kijijini, na Gaudensi amewaonyesha miti elfu mbili iliyopandwa na wanakijiji kwa ajili ya mkaa huo huo. Ndugu Flavian ameiandika kwenye faili kama sifa ya ziada.

Dada aliniuliza tangu lini napenda misitu. Nilisema tangu utotoni. Akasema utotoni nilikuwa naogopa mijusi.

Alhamisi, 10 Septemba

Leo bahati imenifuata nyumbani.

Alikuja Mama Zita wa Katandala. Ni mjane, anauza pombe ya ulezi, na kila mtu anajua kwamba nyuma ya nyumba yake, penye migomba, anapika pia gongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akatoa nakala ya tangazo la serikali kwenye khanga. Alitaka nimsomee tena, polepole.

Nikasoma: "mtambo wa kupunguza moshi."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Miaka kumi na tano, alisema, wanamfukuza na mtambo wake wa moshi, leo wanataka kumpa matairi. Nikashangaa. Kisha nikaelewa. Gongo kwa jina lake jingine ni moshi, hata sheria inayoipiga marufuku inaiita hivyo. Mama Zita amesikia neno moja tu katika tangazo zima, na neno hilo ni lake. Kuhusu kupunguza, alisema mtambo wake unapunguza sana: yanaingia madebe manne ya pombe ya ulezi, zinatoka chupa sita.

Nilikuwa karibu kumsahihisha. Hapo akamwaga tone kwenye kifuniko cha chupa kunionyesha ubora, akawasha kiberiti. Moto wa buluu. Safi. Nikaweka karatasi nyeupe juu yake, nikahesabu hadi sitini. Karatasi haikupata hata doa.

Moshi usiotoa moshi.

Sikumsahihisha. Nilimwambia tushirikiane: yeye atoe moshi, mimi nitoe lori, matairi tutagawana. Aliuliza atayafanyia nini matairi. Nilisema tutaliangalia hilo baadaye.

Ijumaa, 11 Septemba

Fomu. Aina ya mtambo: "Wa moshi." Nishati itakayotumika: "Moshi." Kiasi cha moshi kitakachotoka: "Hakuna."

Ndugu Flavian aliisoma mbele yangu. Akapiga mstari mwekundu kwenye jibu la pili, akasema moshi ni matokeo, si nishati, na kwamba watu wa mji huu hawasomi maswali. Kisha akagonga mhuri kwa sababu saa tisa na nusu, saa ya kufunga ofisi, ilikuwa imefika. Tumeomba wawili tu, mimi na Gaudensi. Uwezekano wangu ni nusu kwa nusu. Sijawahi kuwa na uwezekano mkubwa hivyo.

Jumamosi, 12 Septemba

Gongo ya kawaida ina maji mengi, haiwezi kusukuma injini. Mama Zita aliipika mara ya pili. Aliniazima na mrija wa shaba wa mtambo wake wa akiba, nikaufunga kutoka tangi hadi kwenye kabureta, maana wangu ulikuwa umetoboka. Ndani ya tangi: petroli yangu lita tatu zilizobaki, moshi lita tisa.

Tawakali ameamka! Amekohoa, amepiga chafya, ameunguruma. Nimeshika kitambaa cheupe kwenye ekzosi kwa dakika mbili. Kilikuwa na unyevu tu. Kuku wote wamehama.

Dada alitoka dukani kwa sababu ya harufu. Alinisogelea, akaninusa mdomo kama ananunua samaki. Niliapa sijaonja hata tone, anayekunywa ni lori. Nilidhani hilo litamtuliza.

"Baba aliliita Tawakali," alisema. "Alibeba misahafu na lori hili kutoka Mbeya. Wewe umelifanya litembee limelewa."

Akarudi dukani. Usiku hakuniwekea chakula.

Jumapili, 13 Septemba

Nilihitaji jaribio la barabarani. Jumapili baada ya saa nane mchana magari hayaruhusiwi kutembea, ili kuokoa petroli. Nikafikiri vizuri: barabara ni tupu, na sheria ni ya petroli. Mimi situmii petroli, au situmii sana.

Niliondoka saa tisa. Nilipita Katandala vizuri, upepo wa mbele mkali. Karibu na daraja, mgambo Urbano akanyoosha mkono.

Aliuliza kama sijui leo ni Jumapili. Nilisema najua. Aliuliza kibali kiko wapi. Nilimjibu kwa utulivu kwamba kibali ni cha magari yanayotumia petroli, na gari hili halitumii.

"Linatumia nini?"

Hapo ndipo nilipoona nilikojiingiza. Nikisema petroli, nimevunja sheria ya Jumapili. Nikisema ukweli, nimevunja sheria kubwa zaidi. Nikasema, "Ulezi."

Urbano alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akafumba macho. Akasema huu ni wa Katandala, umepikwa mara mbili. Nilimuuliza amejuaje. Aliniambia nisiulize maswali, nijibu. Akatoa daftari, akaandika, na kusema ataisoma karatasi hiyo Jumanne mbele ya Ndugu Flavian na watu wote.

Nilipotaka kuondoka, injini ilikataa. Maji ya kwenye gongo yalikuwa yameshuka chini ya tangi na petroli imeelea juu. Kabureta ilikuwa inakunywa maji. Urbano alinisaidia kusukuma hadi nyumbani, kwa sababu hakutaka kielelezo kilale barabarani.

Jumatatu, 14 Septemba

Mama Zita alifika alfajiri, hana salamu. Urbano amemweleza moshi wa tangazo ni upi. Mtambo ameufukia penye migomba. Kila kipande amekifukia, isipokuwa mrija wa shaba, ambao uko kwenye lori langu, mbele ya macho ya serikali.

"Mwanangu," alisema, "umesoma shule nzima ukashindwa kuniambia neno moja?"

Nilisema kwa haki neno lenyewe lina maana mbili. Aling'oa mrija kwa mkono wake, akauzungushia kiunoni chini ya khanga, akaondoka wima kama askari.

Sasa nina lori lisilo na mrija, na tangi nimelimwaga. Ukaguzi ni kesho saa tatu. Nilikaa juu ya jiwe mpaka saa kumi. Kisha nikaenda kijijini kwa Gaudensi. Kwa miguu. Nilimweleza kwamba mtambo wangu uko tayari ila nahitaji kuvutwa hadi uwanjani, kulinda usafi wake. Aliniangalia kidogo. Akauliza kama nina kamba au aje na yake.

Jumanne, 15 Septemba

Uwanja ulijaa. Niliingia nikiwa nyuma ya usukani, Tawakali kwa kamba, Gaudensi mbele na pipa lake likikohoa. Nilipungia watu mkono. Dada Kulsumu alikuwa amesimama pembeni, kadi ya lori mkononi.

Urbano alijitokeza kabla ya wote na daftari lake. Alisimama sawasawa, akasoma kwa sauti: gari la Ndugu Halfani linatembea kwa moshi.

Mama Zita, nyuma ya umati, alishika kiuno chake.

Ndugu Flavian hakuinua macho. Alisema magari yote yanatembea kwa moshi, ndiyo maana tuko hapa, na akamwomba mgambo akae chini asipoteze muda wa wananchi. Urbano alijaribu kueleza ni moshi gani. Watu wakamcheka. Alikaa.

Ukaguzi wangu ulichukua dakika mbili. Ndugu Flavian alishika kitambaa cheupe kwenye ekzosi yangu, akakitazama, akaandika. Safu ya moshi: hakuna. Safu ya mwendo: hakuna. Nilipinga. Nilisema tangazo linataja moshi tu, halisemi popote kwamba lori lazima litembee, na kwa kipimo cha tangazo mimi ni wa kwanza. Alisoma tangazo upya. Kwa sekunde kumi nilikuwa mshindi, niliona uso wake. Kisha akasema kwamba kwa kipimo hicho jiwe lingepata ruzuku pia.

Gaudensi amepata. Sababu iliyotajwa rasmi: lori lake limethibitisha nguvu kwa kuvuta lori jingine zima, kutoka mjini hadi uwanjani, moshi ukiwa kidogo. Jaribio hilo halikuwa kwenye ratiba. Mimi ndiye niliyelileta, kwa kamba yake.

Dada alimpa mwenyekiti wa kijiji kadi pale pale. Wakati anapita karibu nami alisimama. Nilidhani atanisema. Alisema tu kwamba angalau sasa litatembea, na kwamba chakula kiko jikoni.

Alhamisi, 17 Septemba

Tawakali ameondoka saa mbili asubuhi. Kijiji kitamfungia pipa la mkaa. Gaudensi alikuja kuomba hendeli na kuniuliza kama nataka kazi ya kupakia mkaa, kwa vile namjua Tawakali tabia zake. Nilisema nitafikiri. Nimeshafikiri. Naanza Jumamosi. Itakuwa ya muda tu.

Maana ubaoni kuna tangazo jipya. Ndugu Flavian amelibandika mchana huu: ruzuku ya pili, kwa miradi ya kutumia upepo badala ya mafuta. Niliona watu wawili watatu wanalisoma na kupita zao, wanatikisa vichwa. Hawasomi maswali, watu wa mji huu.

Upepo! Mimi, niliyejaza upepo matairi sita kwa mkono kwa miaka minane! Pampu ya baiskeli ninayo. Ya pili nitaazima kwa Gaudensi bila kumwambia ni ya nini. Mama Zita nimempelekea salamu kuhusu mrija, hajajibu.

Kikao cha maombi ni Jumatatu tarehe 28, saa nne kamili. Fomu nimeshajaza. Nishati itakayotumika: "Upepo, wa tairi."